Taa ya taimingi iliyonidanganya kwa digrii sita

Nimevumilia vya kutosha, na sasa ninataka kusema wazi kuhusu taa ya taimingi, yaani taa inayomulika kila cheche ya plagi inapotoka ili fundi aone kama inatoka kwa wakati wake. Yangu, ambayo nimeitumia kwa miezi kadhaa, ina kitufe cha kuzungusha kinachouchelewesha mwanga kwa digrii zinazosomwa juu yake. Yaliyoandikwa kwenye kasha lake kila mtu anaweza kujisomea. Mimi nina neno juu ya kitufe hicho kimoja, na juu ya jibu nililopewa nilipoirudisha taa dukani.

Injini niliyokuwa nikiitengeneza ni ya silinda nne, ya karbureta na distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi), na mtengenezaji wake anataka cheche itoke digrii 10 za mzunguko wa krenki kabla pistoni haijafika juu kabisa. Niliiacha ipate moto, nikachomoa kwenye distribyuta mpira wa vakyumu, ule unaoisogeza cheche kwa mvuto wa hewa ya injini, na kuuziba, nikabana waya mbili za taa kwenye betri, kisha nikafunga kibano cha tatu kwenye waya wa plagi ya silinda ya kwanza, mshale wake ukielekea plagi. Alama ya kwenye puli ya krenki nilikwisha kuipaka chaki nyeupe. Kitufe kilisoma sifuri. Nilipomulika, alama ikaonekana imetulia kana kwamba puli haizunguki, nayo ilikuwa kwenye digrii 4. Basi nikalegeza bolti ya distribyuta, nikaizungusha kidogo kidogo kinyume cha mwendo wa rota inayozunguka ndani yake, hadi alama ikasimama kwenye 10, nikairudisha kasi ya injini iliyokuwa imepanda, nikakaza bolti, nikapima tena na kuridhika.

Katika mlima wa kwanza, gari likiwa na mzigo, injini ikaanza kugonga kwa ile sauti kavu ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Anayeijua sauti hiyo anajua hofu yake, kwa sababu cheche ikitangulia mno, moto huikandamiza pistoni ambayo bado inapanda, na injini ikiachwa iendelee hivyo pistoni inaweza kutoboka. Nililaumu mafuta, nikabadilisha plagi, nikafungua karbureta ambayo haikuwa na kosa lolote. Siku mbili nzima zilipotea! Mwishowe fundi mwenzangu aliniazima taa yake ya zamani isiyo na kitufe chochote, nikaifunga kwenye injini ileile bila kugusa kitu kingine, na alama ikasoma 16.

Hapo ndipo nilipokitazama kitufe kwa makini. Kilipofika kwenye sifuri hakikugota, bali kiliendelea kuzunguka kiasi cha upana wa ukucha ndipo kikasimama. Maana yake ni kwamba sifuri niliyoisoma haikuwa sifuri, na taa ilikuwa ikiuchelewesha mwanga kwa digrii 6 bila mimi kujua. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, digrii moja hupita kwa takriban sehemu mbili za elfu kumi za sekunde. Kifaa ambacho kazi yake ni kupima muda mdogo kiasi hicho hakiwezi kuuzwa kitufe chake kikiwa kimelegea.

Nilikwenda dukani kwa adabu, nikaomba taa ijaribiwe kwenye injini yoyote, sambamba na taa nyingine. Muuzaji hakuishika hata kuishika. Alinitazama mbele ya wateja akasema, "Fundi, taa haina kosa, wewe kajifunze kwanza kuitumia." Nimeshika spana miaka mingi, na sijawahi kufedheheshwa hivyo kwa sababu ya kusema ukweli.

Nilikusudia kuandika kwamba mtu yeyote asiinunue taa hii. Hata hivyo, haki lazima itendeke: mwanga wake ni mkali na alama inaonekana hata mchana, kibano chake hakikosi cheche hata moja, na kitufe kikizungushwa hadi kigote, vipimo vyake vinalingana kabisa na vya taa ya zamani. Baadaye niliifungua nikakuta skrubu ndogo inayoshika kitufe haikukazwa, nikakiweka mahali pake na kukaza. Kwa kupima taimingi ya kawaida, sasa ningeweza kuipendekeza.

Lakini mimi sikuinunua kwa ajili ya taimingi ya kawaida. Niliinunua ili nipime cheche inavyotangulia injini inapofika mizunguko 3,000 kwa dakika, ambapo alama za kwenye puli zimekwisha na msaada uliobaki ni kitufe hicho peke yake (unakizungusha hadi alama irudi kwenye sifuri, kisha unasoma digrii juu yake), na hapo ndipo imani yangu imevunjika. Kila nikisoma namba juu yake huirudia mara mbili, tatu. Nimeweka tone la rangi nyekundu kwenye kitufe na jingine kwenye mwili wa taa, kitufe kikiwa kimegota, ili niyalinganishe matone hayo mawili kila ninapotaka kugusa distribyuta. Dukani kule sirudi, hata kununua plagi.