Upasuaji wa mtoto wa jicho: waambie kwanza unafanya kazi gani

Mimi ni fundi wa nguo Kisumu, upande wa Kibuye, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Naandika kwa aliyeambiwa ana mtoto wa jicho na bado anajishauri, hasa kama riziki yake iko karibu na uso: fundi, msusi, karani, anayechambua mchele. Upasuaji wangu naupa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja waliyoikosa ndiyo hasa iliyonifanya niandike, kwa hiyo nivumilieni.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa kunidanganya. Miaka mingi nilishona na miwani ya kusomea, kisha nikajikuta natunga uzi bila miwani. Jirani aliyeniuzia matone ya mitishamba akatangaza soko zima kwamba dawa yake imefanya kazi. Matone hata chupa sikuwa nimefungua! Baadaye nilielezwa kinachotokea: lenzi ya jicho ikianza kuwa ngumu na ya manjano katikati, inapinda mwanga zaidi ya kawaida, basi vya karibu vinaonekana vizuri kwa muda huku vya mbali vinapotea. Raha yenyewe haidumu. Ukungu ukafuata, taa za boda usiku zikawa zinachanua hadi nashindwa kujua pikipiki ni moja au mbili, na uzi mweusi nikawa siutofautishi na wa bluu iliyokoza. Kwa mtu wa sare hilo si jambo dogo. Kazi ya kuchagua uzi nikamwachia msaidizi wangu.

Na hayo matone, ya mitishamba au ya chemisti, hakuna yanayoyeyusha mtoto wa jicho. Dawa ni kupasuliwa, basi. Asali na maji ya majani yakitiwa jichoni yanaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha mbele, na kovu lake ni balaa kuliko ulichokuwa unatibu.

Halafu kuna wale wa "subiri akomae". Nimeambiwa hivyo na watu wazima wenye akili zao, na hawakuyatoa hewani. Zamani lenzi ilitolewa nzima kwa mkato mkubwa, mgonjwa anashonwa nyuzi jichoni, kisha anavalishwa miwani minene ajabu. Nani angekimbilia hayo mapema? Siku hizi mkato ni mdogo, mara nyingi haushonwi hata uzi mmoja, na lenzi mpya inawekwa palepale. Ukisubiri mno, lenzi inakuwa ngumu na kazi ya kuitoa inazidi. Nyingine huvimba au kuvuja ndani, presha ya jicho ikapanda, na hapo maumivu yatakupeleka hospitali usiku. Kipimo ni maisha yako: kikianza kukuharibia kazi, wakati umefika.

Watu wa huku ukiwaambia macho, watakutajia hospitali ya Sabatia kule Vihiga, au ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia. Hospitali yangu siitaji kwa sababu nina la kulalamika na sitaki vita. Vipimo vilikwenda vizuri: herufi ukutani, sukari, presha ya mwili, presha ya jicho, kisha wakachungulia nyuma ya jicho kabisa. Hicho cha mwisho usikubali kirukwe. Kama glakoma, ugonjwa unaoua mshipa wa jicho, au kisukari vimekwisha kuharibu kule nyuma, kuondoa ukungu wa mbele hakutarudisha kilichopotea, na ni afadhali ulijue kabla ya kulipa.

Sasa ile nyota. Dada wa mapokezi alinielezea lenzi ya bei ya chini, ngumu, na ya bei ya juu, inayokunjwa ipite kwenye mkato mdogo zaidi, utadhani ananiuzia simu. SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kiasi hiki, tofauti ni yako, weka sahihi. Nikamuuliza, "Nitaweza kutunga uzi?" Akanijibu, "Mama, utaona vizuri kabisa." Vizuri wapi? Ukutani au kwenye sindano? Hakuna aliyekuwa ameniuliza nafanya kazi gani.

Niligoma kusaini mpaka nimwone tena klinikal ofisa aliyenipima, yaani mtabibu asiye daktari. Wenye wasiwasi nawaambia, Kenya kuna maklinikal ofisa waliosomea upasuaji huu hasa, na mkono wao umezoea. Huyu alinisikiliza. Akasema lenzi ya kawaida ya kupandikizwa haibadiliki umbo kama ile ya ujana, inaona sawasawa umbali mmoja tu. Wasipoambiwa kitu wanaipanga ionee mbali, nawe unarudi kwenye miwani ya karibu. Kwa dereva au mchungaji wa ng'ombe hilo ni jema. Kwangu mimi ingekuwa kushinda kutwa na miwani kwenye kazi na kuivua nikitoka nje.

Mfukoni nilikuwa na kipimo. Nyumbani nilikuwa nimekaa kwenye cherehani kama kawaida, nikamwambia mjukuu avute tepu kutoka nyusi zangu mpaka kwenye sindano. Sentimita 40. Klinikal ofisa alicheka, kisha akapiga hesabu: sentimita 40 ni mita 0.4, moja gawanya kwa 0.4 ni 2.5, yaani dayopta, kipimo cha nguvu ya lenzi, basi atachagua lenzi itakayoniacha na uoni wa karibu wa takriban kiasi hicho, na miwani iwe ya mbali. Hesabu hiyo haikugharimu shilingi. Kwa nini isiwe swali la kwanza kwenye fomu?

Nilimuuliza pia kama plastiki haiozi jichoni. Akanipa kisa cha Harold Ridley, daktari Mwingereza aliyeona marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni, na macho yakavivumilia bila kuvimba. Ndipo mwaka 1949, kule London, akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki ya aina hiyo.

Upasuaji wenyewe uliisha upesi kuliko woga wangu. Sindano ya ganzi pembeni ya jicho inauma kidogo, sitaficha. Baada ya hapo ni kitambaa usoni, mwanga mkali, maji yanatiririka kuelekea sikioni, na sauti ya mtu anayesema "usisogee, mama". Kama una kikohozi, sema kabla hujalazwa pale.

Kesho yake bandeji ilipotolewa, nilitazama sare ya muuguzi na nikashangaa. Nilikuwa nimeizoea ya rangi ya chai ya maziwa, kumbe ni nyeupe. Bluu ndiyo iliyonishinda maneno: lenzi ya manjano huizuia, kwa hiyo ikitoka bluu inarudi kwa fujo. Mjukuu akaniuliza, "Kukhu, mbona unaangalia ndoo?" Acha niangalie.

Matone ya baada ya upasuaji yanaendelea kwa wiki kadhaa, hata kama unajisikia umepona. Usisugue jicho. Usioge ukimwaga maji usoni mwanzoni. Maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, jicho likawa jekundu na uoni ukafifia, usingoje siku ya kliniki, nenda saa hiyohiyo. Maambukizi ya ndani ni nadra lakini hayasubiri. Ukungu ukirudi miezi au miaka baadaye, si mtoto wa jicho aliyezaliwa upya. Ni utando wa nyuma ya lenzi, nao hutobolewa kwa leza bila kisu.

Nitoke nje kidogo. Mbwa wetu ni mzee na macho yake yamekuwa ya kibuluu, na mwanangu akasema naye apelekwe. Daktari wa mifugo alipokuja kumchanja alimulika tochi, mng'ao wa nyuma ya jicho ukarudi vizuri. Huo ni uzee wa lenzi tu, mbwa anaona. Mtoto wa jicho aliyekomaa huuziba huo mng'ao. Mbwa wenye kisukari humpata upesi sana, na wao pia hupasuliwa, ila lazima walazwe usingizi kamili, na nani atamtia mbwa matone kila siku kwa wiki nyingi? Mbwa kipofu akiwa nyumbani kwake husaidiwa sana na pua na masikio, mradi usihamishe viti.

Jicho langu la pili linasubiri zamu. Klinikal ofisa amependekeza tulipange lione mbali, moja la kazi na jingine la barabara. Wengine ubongo wao hukubali, wengine wanapata kizunguzungu, kwa hiyo ameniazima miwani ya majaribio inayoiga hali hiyo. Mpaka sasa ngazi za sokoni zinanitisha nikiivaa. Ikiendelea hivyo nitaomba sentimita 40 pande zote mbili, na miwani ya barabara nitaivaa.