Makubazi ya kupimisha kwa mwenye nundu ya dole gumba, soko la Mwanga, Kigoma

Nauza vitenge, kutwa nzima nimesimama. Mguu wangu wa kulia una nundu pembeni ya dole gumba, kama aliyokuwa nayo mama, na kila kiatu cha dukani kilikuwa kinaniumiza palepale. Fundi wa viatu hapa sokoni Mwanga ndiye aliyenipa raha.

Hakuniuliza navaa namba ngapi. Alitandika boksi chini, akanisimamisha juu yake kwa miguu yote miwili, maana mguu ukibeba uzito hutanuka, akauzungusha kalamu. Penye nundu akaweka alama. Ngozi ya kubazi ya hapo aliikata kipande kimoja, bila mshono hata mmoja, ndani akabandika ngozi laini ya mbuzi. Mbele ni papana, vidole vinakaa bila kubanana, na soli ni tairi, bapa. Nikishusha mzigo jioni sasa natembea mpaka nyumbani bila kuchechemea.

Kabla ya hapo nilinunua mtandaoni kile kitenganishi cha silikoni cha kuweka kati ya vidole, na kibano cha kushikilia dole gumba ukilala. Cha silikoni kinapunguza msuguano, ila kiweke ndani ya kiatu chembamba uone, kinazidi kubana. Kibano kinatuliza usiku, asubuhi kidole kimerudi kilikokuwa. Muuzaji alinadi kwamba kinanyoosha kabisa, na hilo limeniudhi, kwa sababu daktari alinieleza wazi: mfupa wa nyuma ya dole umesogea nje, na kwa mtu mzima hakuna cha kuvaa kitakachourudisha moja kwa moja. Kinachourudisha ni upasuaji. Mfupa unakatwa, unapangwa upya, unashikwa kwa skrubu. Kuunga ni kama wiki 6, na uvimbe unaweza kukaa miezi. Hufanyiwa mtu ambaye maumivu yamemshinda, si kwa ajili ya urembo. Mimi bado sijafika huko.

Makubazi haya hayanyooshi kidole, na fundi mwenyewe hakuniahidi hivyo. Nampa nyota nne. Ya tano ameikosa kwa kunizungusha na "njoo kesho", tena rangi ilichuja mvua ya kwanza. Nililipa 25,000. Nenda jioni, mguu ukiwa umeshavimba, ndipo kipimo kinatoka sawa. Mwenye kisukari na kidonda juu ya nundu aanzie hospitali, viatu baadaye.