Rangi ya gari imepauka? Kabla hujanunua polishi, jua kama mng'ao wake utavuka mvua ya kwanza

Starlet yangu ni nyekundu, ya mwaka 1997, na inalala nje mwaka mzima hapa Tabata. Boneti na paa vilishapauka kiasi kwamba ukipitisha kidole kinatoka na unga wa pinki. Mwezi wa nne nilinunua kichupa cha polishi kwenye foleni ya Buguruni. Kijana alishika kipande cha boneti nyekundu, nusu imefubaa, nusu inang'aa. Akadondosha matone mawili, akasugua mara tano, pale pakawa kama kioo. Nikampa elfu kumi na tano.

Jumamosi nilipaka gari zima, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, mkono ukawaka moto. Jumapili majirani wakaniuliza kama nimepeleka gari kwa fundi rangi. Jumatano usiku ikanyesha. Alhamisi asubuhi boneti ilikuwa na michirizi kama uso wa mtoto aliyelia na vumbi: maji yalikopita pamerudi pinki, yasikopita bado pekundu.

Tangu niliposimulia kisa hicho nimepokea ujumbe mwingi wa watu yaliyowakuta hayohayo. Dada mmoja wa Tanga aling'arisha gari la kubebea maharusi, na kabla ya wiki kuisha likawa kama limepakwa majivu. Kwa hiyo sitazungumzia harufu, wala ukubwa wa chupa, wala jinsi inavyong'aa ukimaliza kupaka. Kila kitu chenye mafuta kinang'arisha rangi iliyokauka, hata mafuta ya kupikia. Swali langu ni moja tu: mng'ao umetoka kwenye rangi, au umetoka kwenye chupa?

Rangi hupauka kwa sababu jua huua tabaka la juu. Linakauka, linapasuka vipasuko ambavyo jicho halivioni, na mwanga ukigonga pale unatawanyika badala ya kurudi. Polishi inaweza kufanya moja kati ya mambo mawili. Ya kwanza ni kulisugua tabaka lililokufa kwa chenga ndogo sana mpaka ufikie rangi iliyo hai. Hiyo ndiyo kampaundi. Ya pili ni kujaza vile vipasuko kwa mafuta na silikoni. Siku ya kwanza huwezi kuzitofautisha kwa macho, na hapo ndipo tunapopigwa.

Kuzitofautisha ni rahisi, na hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia. Nunua aikoholi ya isopropili ya asilimia 70, ichanganye na maji nusu kwa nusu. Chagua sehemu ndogo ya boneti, ipige polishi, kisha lowesha kitambaa safi kwa mchanganyiko huo upanguse pale mara mbili. Pangusa tu, usisugue, na boneti iwe imepoa. Aikoholi huondoa mafuta. Ikikauka na pamebaki pekundu, umefanya kazi. Pakirudi pinki, umepaka mafuta. Usijaribu kwenye rangi iliyopulizwa juzijuzi, inaweza kuharibika.

Silikoni ina ubaya mwingine unaojitokeza baadaye. Siku ukiamua kupeleka gari likapulizwe, rangi mpya inakataa kushika palipo na silikoni, inajikunja na kuacha vishimo vya duara vinavyofanana na macho ya samaki. Fundi analaumu rangi, wewe unamlaumu fundi, kumbe ni kile kichupa cha mwaka juzi. Ukienda kupuliza, mwambie fundi wazi ulichokuwa ukipaka.

Sasa, nichague nini? Kwangu ya kwanza ni Meguiar's Ultimate Compound, na sitajifanya sina upande. Ni kampuni ya Marekani ya tangu 1901, siku hizi iko chini ya 3M. Chupa yenyewe ina ujazo wa mililita 450 na imetengenezwa ili hata mtu wa mkono mtupu aitumie, si lazima mashine. Nilianza na kipande cha boneti cha sentimita 40 kwa 40: matone manne kwenye sponji, nikasugua kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto, kama dakika mbili. Sponji ikawa nyekundu tupu. Nikafuta, nikapangusa aikoholi, nikasubiri. Pamebaki pekundu. Nikapiga mara ya pili, na safari hii nikauona mti wa mwembe wa jirani ndani ya boneti, matawi kwa matawi. Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo na mvua zimeshapita kadhaa.

Ile sponji kuwa nyekundu isikutishe kama gari lako ni la zamani. Maana yake halina klia, yaani lile tabaka angavu linalopulizwa juu ya rangi; unayoisugua ni rangi yenyewe. Kama gari lina klia, kitambaa hutoka na uchafu tu, hakibebi rangi. Hapo uwe na kiasi, maana klia ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 40 hivi, nyembamba kuliko unywele. Kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti ni nyembamba zaidi, kwa hiyo bandika tepu ya karatasi usipaguse. Na klia ikishaanza kubanduka kama ngozi inayochunika, funga pochi. Hakuna chupa duniani inayoirudisha, na ukisugua utaongeza jeraha. Hiyo ni kazi ya fundi rangi.

Ya pili ni Turtle Wax, kampuni iliyoanzia Chicago, yale makopo mawili: Rubbing Compound kwanza, halafu Polishing Compound. La kwanza lina chenga kali, linakula tabaka lililokufa upesi kuliko Meguiar's, lakini linaacha mikwaruzo myembamba unayoiona jua likipiga kwa pembeni. Ndiyo maana la pili ni lazima, si hiari. Wengi hununua la kwanza peke yake kisha wanalalamika. Kwa rangi nyeupe iliyochoka, ambayo mikwaruzo haionekani sana, ningelichukua bila kusita.

Baada ya hapo kuna polishi zenye nta na chenga kidogo kwa pamoja. Kama gari limefifia tu na halijafika kwenye unga, zinatosha. Limefika kwenye unga? Hazifui dafu.

Dawa ya meno, mafuta ya taa na vile vichupa vya foleni? Acha.

Ukishamaliza kampaundi, rangi iko uchi, lazima uifunike kwa nta. Mimi napaka Soft99 Fusso Coat, ya Osaka, Japani, ambayo huuzwa kopo la rangi nyeusi na iliyokoza, na kopo la rangi nyeupe na hafifu. Hairudishi rangi, inailinda. Na ukiosha gari, tumia shampuu ya magari. Sabuni ya unga inakula nta yote uliyoihangaikia. Pale kwenye kuosha magari wakataze pia kitambaa cha dizeli.

Fanya kazi hii alfajiri au jioni, kivulini. Kampaundi ikikaukia kwenye bati la moto inaganda, na kuing'oa ni kuikwaruza rangi. Usimkabidhi mtu mwenye grenda na sponji. Nimeona mlango wa Vitz ulioungua kwenye kona kwa sekunde chache tu, rangi ikaisha mpaka bati likaonekana.

La kuniudhi kabisa ni bei. Kwa chupa ileile ya Meguiar's, duka moja la Kariakoo liliniambia 48,000, la ng'ambo ya barabara 75,000, na la tatu likauliza kwanza naendesha gari gani. Gari langu linahusu nini na bei ya chupa? Nilipoomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwenye lile la 48,000, ikapanda hadi 57,000 papo hapo. Nikaomba tone kutoka kwenye chupa nyingine iliyokwishafunguliwa nijaribu kwenye kona ya bampa langu, nikaambiwa "dada, wewe nunua, mumeo atajua namna ya kupaka." Nilinunua kwingine. Muuzaji anayeamini bidhaa yake anaweza kukupa tone moja, na chupa yangu ndogo ya aikoholi siku hizi inakaa kwenye mkoba.