Amplifaya ya kipande kimoja au priampu na pawa: ipi inunuliwe kwanza

Anayetaka kusikiliza muziki nyumbani kwa spika mbili hukabiliwa mapema na uamuzi wa kununua amplifaya ya kipande kimoja, inayochagua chanzo, kupandisha sauti na kusukuma spika, au kuzigawa kazi hizo katika maboksi mawili, yaani priampu, inayochagua chanzo na kupandisha sauti, na pawa, inayosukuma spika. Ninazipanga hapa njia hizo kwa kumfikiria mnunuzi mwenye sebule ya wastani na bajeti yenye kikomo.

Nafasi ya kwanza ninaipa amplifaya ya kipande kimoja ambayo nyuma yake ina matundu ya kutolea mawimbi ya priampu, kwa sababu siku mwenye nayo atakapohitaji nguvu zaidi ataunganisha pawa ya nje bila kuiuza ile ya awali. Mpango huu si mgeni: NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978 ikiwa na wati 20 tu kwa kila upande, iliruhusu priampu yake itenganishwe na pawa yake, na ikapendwa na watu wengi wenye kipato cha kawaida.

Ya pili ni amplifaya ya kipande kimoja isiyo na matundu hayo. Marantz PM6007, kwa mfano, hutoa wati 45 kwa spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ina sehemu ya santuri na hupokea mawimbi ya kidijitali moja kwa moja, hivyo hupunguza vifaa vya kununua. Wapo watakaozidharau wati 45, lakini hesabu haiwaungi mkono. Spika inayotoa desibeli 87 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1, ikipimwa umbali wa mita 1, hufika desibeli 99 kwa wati 16, kiwango ambacho majirani hawatakivumilia kwa muda mrefu. Na kutoka wati 45 hadi 90 nyongeza ni desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini isiyobadilisha mambo. Fedha ya kuziongeza wati hizo ingefaa zaidi kwenye spika, ambazo ndizo zinazoamua sehemu kubwa ya sauti unayoisikia.

Priampu na pawa zilizotumika nimeziweka ya tatu. Faida yake ni ya kweli: mawimbi madogo ya priampu hukaa mbali na transfoma kubwa ya pawa, na pawa hupata nafasi ya kutosha ya kupooza joto na kutoa mkondo mwingi, jambo linalohitajika na spika ambazo ukinzani wake hushuka hadi omu 3 au chini ya hapo. Hata hivyo, lazima uhakikishe kwamba volti zinazotoka kwenye priampu zinaitosha pawa, ununue waya wa ziada, na uzoee kuwasha pawa mwisho na kuizima kwanza ili spika zisipigwe na mshindo. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, vya Marekani 120. Ukivichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 bila transfoma ya kushusha, vitaungua. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa fedha, hata muuzaji akiapa.

Ya mwisho ni priampu na pawa mpya. Unalipia maboksi mawili, transfoma mbili na mara nyingi rimoti mbili, na kwa bei hiyohiyo amplifaya nzuri ya kipande kimoja kwa kawaida huwa na vijenzi bora zaidi ndani. Ninaipendekeza kwa mwenye ukumbi mkubwa au spika ngumu kusukuma, na kwa sharti kwamba spika hizo tayari anazo.