Kitalu cha maua Ilazo: miche imara, vibao vya kutiliwa shaka

Huu ni mwaka wangu wa pili kununua maua ya ndani katika kitalu kimoja kilichopo Ilazo, Dodoma, na kuhusu uzima wa miche sina neno. Udongo huchanganywa na mchanga wa kutosha ili maji yasituame, mizizi haijasongamana, na mwenye kitalu hamfichi mteja kwamba upepo wa kiangazi wa hapa hukausha ncha za majani ya mimea mingi inayoletwa kutoka Dar es Salaam. Lalamiko langu ni vibao vidogo vilivyochomekwa vyunguni.

Mwezi uliopita nilinunua kwa shilingi 35,000 mmea wa Zamioculcas, ambao wauzaji wengi huuita ZZ, wenye majani yaliyotapakaa madoa ya manjano. Kibao chake kilisema: 'Nyota ya Dodoma', aina mpya iliyosajiliwa. Nilipouliza imesajiliwa wapi, mwenye kitalu, ambaye wateja wote tunamwita Mama, alinitolea bila kusita cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Cheti ni halali kabisa, ila kinahusu jina la biashara yake.

"Sasa mwanangu, si jina ni lile lile?" aliniuliza.

Si lile lile. Majina ya aina za mimea zinazoteuliwa na kuzalishwa na binadamu hufuata kanuni za kimataifa zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1953, na kwa ukoo wa ZZ msajili ni International Aroid Society. Jina halina budi kutangazwa katika chapisho lenye tarehe, likiambatana na maelezo ya mmea wenyewe, na lisiwe limekwisha kupewa aina nyingine ya jenasi hiyo hiyo, yaani kundi la mimea ya karibu ndani ya ukoo. Tangu Januari 1, 1959, majina mapya hayaruhusiwi kuwa ya Kilatini, kwa hiyo 'Nyota ya Dodoma' kwa Kiswahili chake lisingekuwa na kasoro upande huo.

Usajili huo, hata ukipatikana, hauzuii jirani kuzalisha mmea huo na kuuuza. Ulinzi wa namna hiyo huombwa chini ya sheria ya mwaka 2012 ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na Tanzania ni mwanachama wa UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 2015. Hapo aina hutakiwa iwe mpya, tofauti na nyingine, yenye kufanana mche kwa mche na isiyobadilika inapozalishwa. Na mpya maana yake ni kwamba mgunduzi hajaiuza nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba. Kwa kila chungu anachouza, Mama anaula muda wake mwenyewe.

Kikwazo kikubwa zaidi cha kupata ulinzi huo nilikiona nyuma ya banda, kwenye miche minne aliyoiotesha kwa majani ya mmea mama: mitatu ni ya kijani kitupu. Niliwahi kukutana na jambo la aina hiyo hapo hapo mwaka jana, niliponunua sansevieria iliyoandikwa 'Laurentii' ambayo haikuwa na ule ukingo wa njano. Ilikuwa imeoteshwa kwa kipande cha jani, na 'Laurentii' ikioteshwa hivyo hupoteza ukingo wake. Hubaki nao pale tu inapogawanywa kwa machipukizi ya shina la chini. (ZZ nyeusi nayo Mama ameiandika 'Raven' kama kila mtu, ingawa Raven ni jina la kibiashara na jina la aina ni 'Dowon'. Hilo siwezi kumlaumu yeye peke yake.)

Kwa miche na ushauri wa kumwagilia, nakipa kitalu hiki alama nne kati ya tano. Kwa vibao, moja. Nilipopita Jumamosi, neno "iliyosajiliwa" lilikuwa limefutwa kwa spiriti. Bei bado ni 35,000.