Apatimenti ya Tabata: kukaa nyota nne, kuhama nyota moja

Nimekaa kwenye hii nyumba miaka miwili kamili, kuanzia tarehe 1 Agosti 2023 hadi 31 Julai 2025, kwa hiyo siandiki kwa hasira ya siku moja. Hasira ilikuwepo, imeshapoa, zimebaki hesabu. Jina la mwenye nyumba sitalitaja, wala mtaa wenyewe. Ndani ya ile fensi nimeacha wapangaji watatu na wanahitaji amani yao.

Nianze na nyumba maana haina kosa. Ni nyumba ya chini, apatimenti nne ndani ya fensi moja, kila moja na LUKU yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Yangu ilikuwa na vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko na choo cha wageni. Kodi 350,000 kwa mwezi, unalipa miezi sita kwa mkupuo. Weka na mwezi mmoja wa dalali, weka na mwezi mmoja wa dipoziti "ya uharibifu", siku ile nilitoa 2,800,000 kabla sijanunua hata ndoo ya kuogea. Maji hayajawahi kunisumbua, kuna simtanki kubwa juu ya mnara na bomba la DAWASA likikauka hata hujui. Mlinzi wa usiku halali, jambo ambalo Dar es Salaam si dogo. Jiko ndilo joto, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, ukikaanga samaki unakaangika naye. Hapo ndipo nyota ya tano ilipopotelea.

Mwenye nyumba ni mama wa makamo, haishi pale, anakuja mara mbili kwa mwaka kufuata kodi. Ukimsikia kwenye simu utadhani ni shangazi yako. Nikisema "shikamoo mama", ananijibu "marahaba mwanangu, wajukuu hawajambo?" Sina mtoto hata mmoja, lakini nilikuwa namjibu hawajambo. Msimu wa maembe alikuwa anatuletea kiroba kizima kutoka shambani kwake. Nayasema haya kwa sababu watu wakisikia mwenye nyumba msumbufu wanamfikiria mtu mwenye sura ya kutisha. Huyu wangu hana sura hiyo kabisa.

Mambo yalianza nilipopata uhamisho wa kwenda Dodoma. Mkataba unasema notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Nikaandika barua tarehe 20 Juni, nikapitisha nakala ofisi ya serikali ya mtaa ikagongwa muhuri, nikampelekea. Alicheka: "Barua ya nini tena, si ungenipigia tu mwanangu." Wiki iliyofuata akanipigia yeye. Notisi ni miezi mitatu, anasema, kila mtu anajua, na kwa kuwa nimemshtukiza nimlipe nusu ya kodi ya awamu inayofuata. Nikampigia picha ukurasa wa pili wa mkataba nikamtumia. Alama mbili za bluu, kimya siku tano. Hilo likafa hapo.

Kumbe alikuwa anajipanga kwa siku ya ukaguzi.

Alikuja Jumamosi asubuhi na daftari kubwa lile la kaunta, kalamu ya bluu na kalamu nyekundu, na kijana mmoja aliyemtambulisha kama fundi. Alivua viatu mlangoni. Akaanza sebuleni, akapitisha kidole ukutani toka kwenye kona mpaka kwenye swichi, akakitazama kidole, akamwonyesha fundi. Fundi akatikisa kichwa kama daktari. Kisha akawasha tochi ya simu saa nne asubuhi, jua linawaka nje, akawa anamulika ukuta kwa ubavu, na kila tundu la msumari likitoa kivuli anahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Hili la picha ya harusi. Tatu, nne, hapa palikuwa na rafu. Akafika kumi na moja, akaandika kwa kalamu nyekundu. Chumbani aligonga tailizi kwa pete yake, moja moja, akisikiliza ipi ina uwazi chini. Mimi namfuata nyuma na kikombe cha chai ambacho nilikuwa nimemkaribisha yeye.

Jioni ikaja meseji ndefu. Kupaka rangi nyumba nzima, 250,000. Kioo cha bafuni kimepasuka, 45,000. Matundu kumi na moja, kila moja 5,000, jumla 55,000. Kitasa cha mlango wa nyuma, 35,000. Na gari la maji taka, 120,000. Jumla kuu 505,000. Ukitoa dipoziti yangu ya 350,000, mpangaji anadaiwa 155,000, "ukiniletea kabla ya kutoa vyombo itakuwa vizuri mwanangu".

Niliisoma mara tatu pale kwenye gari la maji taka. Shimo ni la apatimenti nne. Tulikuwa watu wawili, mimi na mke wangu, jirani wa kushoto wako saba. Shimo limejaa mwezi ambao mimi naondoka, basi aliyelijaza ni mimi.

Niwe mkweli na upande wangu pia. Kitasa nilikiharibu mimi, nilipoteza funguo nikakivunja kwa bisibisi usiku, na nikakirudisha kikiwa kinashika kwa kusitasita. Matundu tisa ni yangu. Mawili niliyakuta. Lakini rangi? Nyumba ilipakwa kabla sijaingia na sikai kwenye kabati la vioo. Mkataba alioutunga mwenyewe unasema nitarudisha nyumba katika hali niliyoikuta "isipokuwa uchakavu wa kawaida". Miaka miwili ya mikono kwenye swichi, kama huo si uchakavu wa kawaida, sijui upi ndio.

Tarehe 31 nikaleta Canter. Mungu alivyo wa ajabu, vitanda vilikuwa vimeshapanda, friji imefungwa kamba, tunataka kutoa sofa, geti likawekwa kufuli. Mlinzi, yule yule asiyelala, anatazama chini: "Kaka nisamehe, mama kasema gari lisitoke." Dereva wa Canter kazima injini, kajilaza kwenye kiti, akanikumbusha kwa upole kwamba tulikubaliana bei ya safari, kusubiri ni hesabu nyingine. Mama akaja na bajaji baada ya saa moja hivi. Safari hii hakuniita mwanangu.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Jirani yangu wa kulia alikuwa ananinong'oneza nivunje kufuli, "vyombo ni vyako, anakushikia kama nani?" Ni kweli, deni linalobishaniwa halimpi mtu ruhusa ya kufungia vyombo vya mwenzie. Lakini ukivunja tu, kesho mada si dipoziti tena, ni wewe na kufuli la watu. Nikampigia mjumbe, mjumbe akasema twende ofisini kwa mwenyekiti, maana mkataba ulipita pale na muhuri wake upo. Tukaenda kwa miguu, mama mbele na daftari lake, mimi nyuma, mke wangu kabaki amekaa juu ya sofa barazani.

Ofisi ya mwenyekiti ni chumba chenye meza, benchi na kalenda. Mwenyekiti, mzee wa miwani, alimwacha mama aseme mpaka akamaliza, akaniacha mimi, kisha akasoma orodha kimoja kimoja. Alipofika kwenye kioo nikaomba nioneshe kitu. Siku ya kuhamia nilikuwa nimerekodi video ya nyumba nzima. Sijifanyi mjanja, nilirekodi kwa sababu mke wangu alikuwa bado Morogoro na alitaka kujua mapazia ya ukubwa gani anunue. Kwenye dakika ya tatu kamera inaingia bafuni, kioo hiki hapa, ufa wake umetoka kona ya juu kulia umeshuka mpaka katikati. Na nyuma ya kamera inasikika sauti, tena vizuri kabisa: "Hicho kioo nitakibadilisha wiki hii hii mwanangu, usijali."

Mwenyekiti akairudisha nyuma akaisikiliza tena. Mama akasema simu siku hizi zinaweza kufanya chochote. Mwenyekiti akavua miwani akaifuta, akaendelea na kipengele kinachofuata.

Rangi ikaanguka kwa yale maneno ya uchakavu. Kitasa nikakubali, 35,000. Matundu, fundi wa mwenyekiti mwenyewe alisema kuziba na kugusia rangi ni 15,000 yote, nikakubali. Maji taka tukagawa kwa nne, 30,000. Nikawa nadaiwa 80,000.

Ndipo nikatoa la kwangu. Anayenunua umeme anajua: ukinunua LUKU kwa mara ya kwanza kila mwezi, inakatwa kodi ya jengo. Utaratibu huo ulianza Agosti 2021 kwa 1,000 nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, jina linajisema. Mpangaji anakatwa kwa sababu tu mita iko mikononi mwake, anatakiwa ajuane na mwenye nyumba wake warudishiane. Nani amewahi kurudishiwa? Mimi nilikuwa na meseji zote, sijafuta hata moja kwa uvivu. Miezi 24 mara 1,500 ni 36,000. Mama aliuliza mwenyekiti kama na hilo ni la kujadili. Mwenyekiti, ambaye nahisi naye ana nyumba za kupangisha, alikohoa kidogo, akasema ni haki yangu.

Themanini toa thelathini na sita, arobaini na nne. Dipoziti yangu irudi 306,000. Ikaandikwa, tukasaini, kufuli likafunguliwa saa tisa na nusu alasiri. Kumsubirisha dereva kulinigharimu 40,000 na hizo hazimo kwenye makubaliano, nilikuwa nimechoka kuzidai.

Shemeji yangu anayeishi Nairobi aliponisikia alishangaa tulivyomalizia kwa mwenyekiti. Kwao kuna Mahakama ya Madai Madogo, inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Sikubishana naye. Mimi ilinibidi nimalize ndani ya saa tano, kabla Canter haijaamua kuondoka na kitanda changu.

Malipo sasa. Siku ile ile alinitumia 150,000 kwa simu. Iliyobaki, 156,000, aliahidi baada ya wiki mbili. Wiki ya tatu alikuwa na msiba. Wiki ya tano simu iliita haikupokelewa. Nikamtumia picha ya yale makubaliano yenye sahihi yake, bila neno lolote, kila Jumatatu saa mbili asubuhi. Jumatatu ya tatu ikaingia 100,000, na siku tatu baadaye 50,000. Nikamuuliza elfu sita iko wapi. "Hiyo ni ya makato mwanangu." Nimerudi kuwa mwanawe, angalau.

Je, ningemshauri mtu apange pale? Kwa nyumba, ndiyo, apange hata kesho. Ila arekodi kila chumba siku ya kuingia na mama mwenyewe akiwemo ndani, tena amchokoze aongee. Aandike kwenye mkataba dipoziti inarudi siku ngapi baada ya kukabidhi funguo, kwa sababu wangu haukusema na wiki zile zote zilipitia kwenye hilo tundu. Na meseji za LUKU asizifute.

Hilo la mwisho sasa sina uhakika kama litamsaidia. Wiki iliyopita dalali yule yule aliyenipeleka ameweka tangazo kwenye grupu, picha ni za sebule yangu, ukuta unang'aa: "Vyumba viwili, kimoja masta, fensi, LUKU yako, maji muda wote. Kodi 400,000 kwa mwezi, unalipa miezi sita. Dalali mwezi mmoja, kwenda kuona 20,000." Na chini kabisa, mstari ambao mwaka 2023 haukuwepo: "Kodi ya jengo juu ya mpangaji."