Methadoni au soba hausi?

Kila familia yenye kijana wa unga, yaani heroini, hapa Unguja hufika kwenye swali hili, mara nyingi usiku, mama analia na baba kanyamaza.

Methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, hutolewa bure hospitali ya Kidongo Chekundu mjini tangu 2015. Huzima arosto, yale maumivu ya kukosa unga, kijana akalala kwao na akafanya kazi. Lakini hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa miezi au hata miaka. Anayetoka Makunduchi ahesabu nauli ya daladala. Tena ni ya unga na jamii yake tu. Kwa pombe au bangi haisaidii.

Soba hausi, nyumba wanakokaa pamoja wanaoacha dawa za kulevya, ina ada, na siku za mwanzo za arosto ni moto. Inakoshinda ni kumtoa kijana maskani na kumweka na waliopita njia ileile. Hilo kwangu halina bei. Ila akitoka akarudia kipimo chake cha zamani, mwili umeshasahau, anaweza kufa.

Mlevi wa kila siku, popote aendako, apite hospitali kwanza: kuacha pombe ghafla huweza kuleta degedege.

Mwenye kibarua na anayeishi karibu na mjini ningemwanzisha methadoni. Ambaye marafiki zake wote wanavuta, soba.